Dawa Zote Zilitoka kwa Miti, Sawa. Lakini Hadithi Haikuishia Hapo

Kila nikiweka video kuhusu malaria, kuna sentensi moja lazima itokee kwenye maoni: "Kwani hizo dawa za hospitali zilitoka wapi? Si ni kwa miti?" Mwenye kuandika huwa anaongeza emoji tatu za moto, na kwake yeye mjadala umefungwa, twende nyumbani.

Na si uongo, jameni. Dawa mbili kubwa zaidi za malaria ambazo binadamu amewahi kuwa nazo zilitoka kwa mimea. Kwinini ilitoka kwa gome la mti wa Amerika Kusini, na artemisinini ikatoka kwa majani ya mmea wa China. Ile AL unayopewa kwa kemisti, vile vidonge vya manjano, ni mjukuu wa majani. Kwa hivyo ukikutana na mtu anayekuambia miti shamba ni ushirikina mtupu, jua huyo pia hajasoma historia.

Shida yangu ni kwamba hiyo sentensi watu huikata katikati. Wanasema dawa zilitoka kwa miti, alafu wanaruka moja kwa moja hadi kwa jerikeni ya lita tano inayouzwa hapo stage, ile ya "inatibu malaria, taifodi, presha, sukari na nguvu za kiume". Hebu tuimalizie sentensi leo. Tulieni, itakuwa ndefu kidogo.

Gome la mti unaoitwa sinkona lilitoka kwenye milima ya Andes, upande wa Peru na Ecuador ya leo, na mapadri Wajesuiti ndio waliolisambaza Ulaya katika miaka ya 1600. Mtasikia hadithi ya mke wa gavana mkuu wa Peru, Kontesa wa Chinchón, kwamba aliponywa homa kwa gome hilo mwaka wa 1638. Ni hadithi tamu na ndiyo iliyoupa mti jina lake la kisayansi, lakini wanahistoria wameichunguza na kuikataa. Hata Linnaeus, aliyeliandika hilo jina mwaka wa 1742, alikosea tahajia akaacha herufi moja. Wenyeji wa milimani walioonyesha wageni mti wenyewe, majina yao hakuna aliyeyaandika. Kontesa ambaye huenda hakuwahi kuugusa ndiye anayekumbukwa.

Sasa jiweke London mwaka wa 1670. Una malaria, kwa sababu Uingereza wakati huo ilikuwa na malaria, hasa kwenye mabwawa ya Essex na Kent. Unaletewa unga wa gome umechanganywa na mvinyo. Unakunywa vijiko vingapi? Mara ngapi kwa siku? Kwa siku ngapi? Hakuna anayejua. Gome lenyewe lilitoka kwa aina tofauti za miti, mingine imejaa kwinini, mingine karibu haina kitu. Juu ya hapo, wafanyabiashara walikuwa wanachanganya na magome mengine machungu, kwa maana mnunuzi hakuwa na mizani nyingine isipokuwa ulimi. Ni chungu? Basi ni yenyewe, lipa.

Matokeo yake, mgonjwa mmoja anakunywa anapona, jirani yake anakunywa kitu cha jina hilo hilo anakufa. Madaktari wakagombana miaka na miaka kama gome linafanya kazi au ni ulaghai wa mapadri, na kila mmoja wao alikuwa anasema ukweli wa kile alichokiona kwa macho yake. Mnaona? Hiyo ndiyo vita yenu ya kwenye maoni. "Shosho yangu alipona." "Mjomba wangu alikufa." Wote wawili mko sawa, na bado hatujui lolote.

Aliyefaidika kwenye hiyo fujo ni jamaa mmoja anaitwa Robert Talbor. Hakuwa daktari wa kusomea, alikuwa ameanza kama mwanafunzi wa muuza dawa. Alienda kukaa Essex kwenye homa zenyewe, akawa anajaribu kwa wagonjwa. Akatangaza kwamba ana dawa ya siri, na huku akiwaonya watu wajihadhari na lile gome la Wajesuiti. Alimtibu mfalme Charles wa Pili akapewa cheo cha heshima, akavuka Ufaransa akamtibu mtoto wa mfalme Louis wa 14. Louis akanunua ile siri kwa masharti kwamba itatolewa Talbor akishakufa. Talbor akafa 1681, siri ikachapishwa mwaka uliofuata. Kumbe ni gome lile lile, ndani ya mvinyo, na vikorokoro vya kuficha ladha.

Watu humcheka Talbor kama tapeli, na kwa biashara alikuwa tapeli. Mimi namwona pia kama mtu wa kwanza katika kisa hiki aliyeelewa mahali uzito ulipo. Kila mtu London angeweza kununua gome. Yeye alikuwa na dozi: kiasi gani, saa ngapi, kwa muda gani. Hicho ndicho mfalme alichokilipia.

Suluhisho lenyewe lilikuja 1820, pale Paris, wanakemia wawili, Pelletier na Caventou, walipofaulu kuitoa kwinini nje ya gome. Hawakuiwekea hati ya umiliki, walichapisha njia yao kila mtu aisome. Kuanzia hapo unaweza kuweka dawa kwa mizani. Gramu ya kwinini ya Paris ni sawa na gramu ya kwinini ya Lagos. Ukimpa mgonjwa akaanza kusikia masikio yanavuma, na waliowahi kumeza kwinini wanajua nazungumzia nini, unajua umekaribia kiasi cha juu, unapunguza. Kati ya gome kufika Ulaya na hiyo siku ilikuwa imepita karibu miaka 200. Mti ulikuwa ule ule wakati wote huo.

Na hapo ndipo hadithi inatufikia sisi huku, na haikuja kwa wema.

Mwaka wa 1841 Waingereza walituma meli kupanda mto Niger, homa ikawachinja kwa makumi. Mwaka wa 1854 daktari anaitwa Baikie akapanda mto huo huo, lakini watu wake aliwapa kwinini kila siku kabla hawajaugua. Akarudi bila Mzungu hata mmoja kufa. Nadhani hakuna bunduki iliyofungua Afrika kwa wakoloni kama hicho kijiko cha unga mchungu. Livingstone naye alikuwa na vidonge vyake vya kujitengenezea, kwinini na dawa za kuharisha pamoja, watu wakaviita viamshaji. Hata hivyo mke wake Mary alikufa kwa homa kando ya Zambezi mwaka wa 1862, na mwanzoni mwa 1867 sanduku la dawa la Livingstone likaibwa njiani. Miaka sita baadaye alikufa kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwili umechoka kabisa. Ukisoma safari zake za mwisho ukijua hilo sanduku halipo, zinasomeka tofauti.

Dunia ilipoona thamani ya kwinini, kila himaya ikataka miti yake. Mbegu bora kuliko zote zilitafutwa na mtu wa Bolivia, Manuel Incra Mamani, akampa bosi wake Mwingereza Charles Ledger mwaka wa 1865. Serikali ya Uingereza ikazikataa, Waholanzi wakanunua kidogo wakapanda Java, na kufikia miaka ya 1930 karibu kwinini yote ya dunia ilikuwa inatoka huko. Mamani alikamatwa kwao akitafuta mbegu tena, akapigwa, akafa. Huyo ni mtu aliyeijua miti kuliko profesa yeyote, kwa kuitazama tu, na ndiye aliyelipia zaidi. Wanaosema sayansi ya dawa imejengwa kwa ujuzi wa wenyeji ambao hawakulipwa, hapo nawaunga mkono mikono miwili.

Hata hapa Afrika Mashariki miti hiyo ilipandwa. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti pale Amani, milima ya Usambara, mwaka wa 1902, na sinkona ilikuwa mojawapo ya mimea yao. Vita vya Kwanza vilipoanza, manuwari za Waingereza zikafunga bahari, hakuna dawa inaingia. Amani ikageuka kiwanda, ikatengeneza kwinini kutoka kwa miti ya huko huko. Alafu 1916 Waingereza wakaiteka Usambara, na jeshi la Lettow-Vorbeck likawa linakimbia kusini na magome kwa mizigo. Bila mashine, walifanya kile ambacho wengi wenu mnafanya jikoni: walichemsha. Supu hiyo ilikuwa mbaya mdomoni hivi kwamba wanajeshi waliipa jina la utani, Lettow-Schnaps, pombe ya Lettow.

Sasa sitawadanganya ati haikusaidia. Lile jeshi lilikuwa bado liko vitani Novemba 1918. Gome lililochemshwa lina kwinini, na ukikosa kidonge ni afadhali hilo kuliko maji matupu. Lakini angalieni: jeshi lile lile, likiwa na Amani, lilichagua kidonge. Kuchemsha lilichemsha lilipokosa. Hakuna ofisa aliyesema "hii ni ya asili, ni bora zaidi".

Na upande wa pili wa hiyo vita walikuwa watu wetu, wapagazi wa Carrier Corps. Ukipita Kariokor hapa Nairobi au Kariakoo kule Dar, hilo ni jina lao. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Walikuwa wa mwisho kwa kila kitu, chakula, blanketi na dawa. Kwinini ilikuwepo, ilijulikana, ilipimwa, na haikuwafikia vya kutosha. Hilo nitalirudia hapo mbele, kwa sababu halikuisha 1918.

Nipite haraka katikati. Mwaka wa 1942 Wajapani wakaichukua Java, kwinini ikakatika, na baada ya vita dunia ikahamia klorokwini, dawa ya maabara, rahisi, bei ya chini. Wazazi wetu wanaikumbuka kwa vile ilivyowawasha mwili mzima. Ilikuwa kila duka. Ilimezwa kiholela, vidonge viwili leo, vilivyobaki vinawekwa kabatini vya mtoto mwingine. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 vimelea sugu vilikuwa vimefika Afrika Mashariki, na Kenya ikaiacha rasmi mwaka wa 1998 ikahamia Fansidar na ndugu zake. Miaka sita tu, 2004, sera ikabadilishwa tena, na 2006 AL ikaanza kugawiwa kwenye vituo vya afya.

AL ndiyo inatuleta China, kwenye ule mmea ambao siku hizi kila mtu ananiambia amepanda nyuma ya nyumba.

Mwaka wa 1967, tarehe 23 Mei, China ilianzisha mradi wa siri wa kijeshi uliopewa namba kutokana na hiyo tarehe: Mradi 523. Wavietnamu wa Kaskazini walikuwa wanapigana na Marekani huku malaria sugu ikiwamaliza msituni, wakaomba msaada. Mwaka wa 1969 mradi ukamfikia mwanamke anaitwa Tu Youyou, mtafiti wa Beijing, bila shahada ya udaktari. Alitumwa kisiwa cha Hainan kuona ugonjwa kwa macho, mabinti wake wawili wadogo wakaachwa.

Tu alianza pale mnapotaka tuanzie: kwa wazee. Alizunguka kwa waganga wa jadi na vitabu vya kale akakusanya tiba zaidi ya 2,000, akachuja zikabaki kama 640 za kufanyia kazi. Timu yake ikatengeneza dondoo za mimea na kuzijaribu kwa panya wenye malaria. Mmea mmoja, qinghao, ambao kisayansi ni Artemisia annua, ulitoa matokeo mazuri mara ya kwanza. Waliporudia, matokeo yakaanguka vibaya. Mmea ule ule, jina lile lile.

Hapa ndipo nafikiri mtu wa kawaida, mimi na wewe, tungegawanyika makundi mawili. Kundi moja lingesema mmea haufanyi kazi, tupa. La pili lingesema ulifanya kazi mara ya kwanza, nimeona mwenyewe, uza. Tu alirudi kusoma. Kwenye kitabu cha Ge Hong, daktari aliyeishi zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, akaona kwamba maelekezo yalisema majani yalowekwe kwenye maji na yakamuliwe, mtu anywe ule utomvu. Hakuna kuchemsha. Akajiuliza: je, moto ndio unaua dawa? Akabadilisha njia, akatumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 tu, karibu na joto la mwili. Tarehe 4 Oktoba 1971, sampuli namba 191 iliua vimelea vyote kwa panya, kisha kwa nyani.

Isomeni hiyo tena polepole, nyinyi mnaochemsha artemisia dakika 20 kwa sufuria.

Na bado kazi haikuwa imeisha. Kulikuwa na wasiwasi kuhusu sumu, kwa hivyo 1972 Tu na wenzake wawili waliimeza wenyewe kwanza, chini ya uangalizi hospitalini. Mwezi wa Agosti wakaipeleka Hainan kwa wagonjwa 21. Mwishoni mwa mwaka wakaipata artemisinini yenyewe, safi, fuwele. Wakatengeneza vidonge, wakarudi Hainan 1973, na vidonge vikafeli! Waliangalia wakagundua shida si dawa, ni kidonge: kilikuwa hakiyeyuki vizuri tumboni. Wakaiweka kwenye kapsuli, ikafanya kazi. Hiki kisa nakipenda kuliko Nobel aliyopewa 2015. Dawa ile ile, uzani ule ule, lakini kwa kuwa haikufika kwenye damu kwa kiasi kinachotakiwa, haikuwa dawa.

Alafu unakuja kuniambia ati chai.

Chai ya artemisia imejaribiwa, tena si Ulaya, ni Congo hapa jirani, kwa wagonjwa halisi wa malaria, utafiti uliochapishwa 2004. Waliokunywa chai kwa siku 7 walilinganishwa na waliopewa kwinini. Siku ya 7, kwa wastani asilimia 74 ya wanywa chai hawakuwa na vimelea, na kwa kwinini asilimia 91. Sasa asilimia 74 ukiwa umekaa kijijini ni wengi! Jirani zako wengi wamepona, lazima utaamini, hata mimi ningeamini. Tatizo lilikuja baadaye: kwa wanywa chai wengi vimelea vilirudi. Mwenye kuuza chai huwa hayuko hapo vikirudi. Na mtu akiugua tena wiki tatu baadaye, anasema ni malaria mpya, mbu wengi siku hizi.

Sababu yake inaeleweka. Artemisinini haipendi maji, inayeyuka kidogo sana. Kiasi kilichoko kwenye jani kinabadilika kwa mbegu, udongo, msimu wa kuvuna na namna ya kukausha. Na hata ikiingia mwilini, inatoka baada ya saa chache. Ndiyo maana kwenye AL imeoanishwa na lumefantrini, ambayo inabaki kwa siku kadhaa ikimalizia wale waliojificha. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka wa 2019 kwamba halikubali artemisia kwa mifumo isiyo ya dawa kamili, yaani chai, unga na majani, kwa kuzuia wala kutibu malaria.

Kitu kingine. Wengi mnaosema mna artemisia mna mmea mwingine kabisa. Artemisia afra, ile ya kwetu ya nyanda za juu, wengine huiita pakanga, jina lile lile la nyota chungu ya Kitabu cha Ufunuo, ina artemisinini kidogo sana au haina kabisa. Ni ukoo mmoja, lakini hata wewe na binamu yako hamna akaunti moja ya benki.

Najua mtanitajia Madagascar. Aprili 2020 rais Rajoelina alikunywa Covid-Organics mbele ya kamera, kinywaji chenye artemisia, na Mei Tanzania ikatuma ndege kuchukua. Hasira ya watu wakati huo niliielewa: kwa nini kitu kikitoka Afrika kinachekwa kabla hakijapimwa? Lakini kilitangazwa na kugawiwa kabla hakijapimwa pia, kwa hivyo waliocheka na walioshangilia walikuwa wanabahatisha pamoja. Kabla ya hapo, 2011, ilikuwa Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kikombe kimoja, shilingi 500 za Tanzania, na Wakenya wakavuka mpaka kwa mamia ya magari. Mzee hakuwa mlafi, bei inaonyesha. Kinachonisumbua ni kikombe. Mtoto kikombe kimoja, mzee kikombe kimoja, mwenye kisukari kimoja, mwenye Ukimwi kimoja. Watu waliacha dawa zao wakaenda kupanga foleni ya kilomita, wengine wakafia njiani. Huwezi kuwa na dozi moja ya magonjwa yote, vile vile huwezi kuwa na kiatu kimoja cha familia nzima.

Hata mwarubaini, mti ninaouheshimu, una upande huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mbegu zake kama dawa ya kawaida ya nyumbani, wakapata degedege na kuharibika ini, wengine wakafa. Kama mmea una nguvu ya kutibu, una nguvu ya kuumiza. Mtu akikuambia mti wake ni dawa kali na hauna madhara hata kidogo, moja kati ya hizo mbili ni uongo.

Lakini sitaki watu wa "mimi humeza dawa za kemisti tu" mkae hapo mkitabasamu. Dozi ya AL ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne mara sita ndani ya siku 3, ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, na unameza na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, la sivyo ile lumefantrini haiingii vizuri. Watoto hupimwa kwa kilo. Kile kipakiti chenye picha za jua na mwezi ndicho matunda ya miaka yote niliyoieleza, kutoka Essex hadi Hainan. Na nyinyi mnafanya nini? Siku ya pili homa imeshuka, mnameza cha mwisho na chai ya rangi, vilivyobaki mnaweka juu ya kabati. Hapo hujameza dawa, umekunywa jerikeni kama yule mwingine, tofauti ni rangi tu.

Na gharama yake inaonekana tayari. Vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini vilionekana kwanza magharibi mwa Cambodia, ripoti zikatoka 2008. Mwaka wa 2020 watafiti wakaripoti mabadiliko ya aina hiyo Rwanda, 2021 Uganda. Uganda ni Busia hapo, unavuka kwa miguu. Klorokwini tulipoipoteza, kulikuwa na Fansidar ya kukimbilia, na Fansidar ilipochoka kulikuwa na AL. Kwenye rafu ya kemisti wako leo, nyuma ya AL, angalia utaona nini.

Kuna pingamizi moja nalikubali, na ni la wapagazi wa Kariokor. Mtu ataniandikia: wewe unaongea ukiwa Nairobi, huku kwetu zahanati iko kilomita 15, nikifika naambiwa AL zimeisha nenda kanunue, na sina za kununua. Majani yako hapa mlangoni, bure. Huyo hajaamini uongo wowote. Anafanya kile askari wa Lettow walifanya, anachemsha kwa sababu kidonge hakimfikii. Kumtumia video ya kumcheka ni upuzi. Hasira yetu ingeenda kwa stoo ya dawa ya kaunti, kwa sababu dawa iliyopimwa ikikosa kufika ni kama haijagunduliwa.

Ila kwa huyo huyo nina ombi moja, na ni la saa, si la imani. Malaria tuliyonayo huku, kwa mtoto mdogo, inaweza kutoka homa ya kawaida hadi kuwa kali ndani ya saa 24. Kama mtoto amechemka leo jioni na umempa majani, sawa, umempa. Lakini kesho asubuhi muwe njiani mkaulizie kipimo. Wale wahudumu wa afya wa kijijini wengi wana kile cha kudunga kidole, majibu dakika 15 hadi 20. Na akianza degedege, akikataa kunyonya, au akiwa mzito kuamka, msingoje asubuhi.